Ndama Mwenye Ubavu wa Bluu

Limi binti Maige alikuwa na miaka hamsini na mbili aliposhika simu ya kupangusa kwa mara ya kwanza, na hata siku hiyo aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa kifaranga.

Anauza maziwa ya mgando pale Segese, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya kijiwe cha bodaboda. Ndoo zake mbili huja asubuhi zikiwa zimejaa, na wachimbaji wanaopita na vumbi kichwani huzimaliza kabla ya saa nane mchana. Hapo Limi huziosha, huzifudikiza juani, kisha hukaa kwenye kigoda, mgongo ukiegemea bati lenye joto, na kutulia. Malori yanapita. Mtu anapaza redio, mwingine anamwambia apunguze. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa saa yake ya kuondoka bila kunyanyuka. Mwili unabaki Segese, yeye anakwenda Songwa.

Songwa ndiko alikozaliwa, ng'ambo ya mgodi wa almasi, kwenye nchi tambarare yenye kilima kimoja na udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata miguuni masika. Baba yake, mzee Maige, alijaliwa mabinti watano na ng'ombe arobaini, na hakupata mtoto wa kiume hata mmoja. Wanne wakapelekwa shule. Wa tano akapewa fimbo.

"Huyu ndiye kijana wangu," mzee alikuwa akiwaambia watu, mkono wake ukiwa kichwani kwa Limi, na Limi aliona fahari.

Fahari hiyo ilidumu kama miaka miwili hivi. Baadaye watoto wa rika lake nao wakaanza shule, na njia ya kwenda lambo, walikonyweshea ng'ombe, ilipita ubavuni mwa darasa. Kila siku ya Mungu aliwaona wamebanana kwenye madawati, sare zao, vichwa vyao vilivyonyolewa, sauti zao zikipanda na kushuka pamoja wakiimba herufi. Na kila siku, alipopita, vichwa vya dirishani viligeuka kumtazama. Walinong'ona. Limi alijua wananong'ona nini. Wanamcheka binti asiyejua kusoma, anayenuka ng'ombe. Alikaza shingo, akatazama mbele, akapandisha ng'ombe wake kilimani bila kugeuka.

Aliolewa bila kujua kusoma, akazaa bila kujua kusoma. Alipohamia Segese na mumewe Mwigulu, aliyekuja kutafuta dhahabu kwenye mashimo madogo, alikuwa na kisimu cha vitufe, kile wanachokiita kiswaswadu, kimefungwa mpira wa manati kisifunguke mgongo. Namba za watu alizijua kwa tarakimu za mwisho. Hakuona haja ya zaidi ya hapo.

Ndipo siku moja ilipokuja kliniki ya mkoba, wauguzi kutoka Kahama waliokuja kuchanja watoto. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye miwani, alikaa kwenye benchi la Limi na kuagiza kikombe cha maziwa. Wakati anakunywa, ng'ombe wa jirani alikata kamba na kuingia kwenye nyanya za watu. Watu wakaanza kupiga kelele. Limi hakunyanyuka. Aliweka ulimi kwenye kaakaa, akatoa mlio mmoja, kisha akaita kwa sauti ndefu ya chini, ile ya wachungaji wa kwao. Ng'ombe akasimama, akageuza masikio, akarudi taratibu kama aliyekumbuka jambo.

Muuguzi akaweka kikombe chini.

"Mama, samahani. Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Songwa."

"Kwa nani?"

"Kwa Maige."

"Limi?" Muuguzi alikuwa amesimama. "Limi wa ng'ombe? Mimi Paskalia! Wa kwa fundi cherehani!"

Wakashikana mikono, wakaachiana, wakashikana tena. Walipomaliza kuulizana waliokufa na waliobaki, Paskalia akamweleza kwamba wana kundi lao la Wasapu, watoto wote wa Songwa wa miaka ile, na humo hawana kazi nyingine ila kukumbushana ya zamani.

"Mimi sikusoma na nyie," Limi akasema.

"Tunajua. Lakini unatajwa kila mara."

"Natajwa kwa lipi?" Sauti ya Limi ilikuwa imebadilika kidogo.

Paskalia akatoa simu yake, akatafuta ujumbe wa sauti wa siku za nyuma, akaiweka mezani kati ya vikombe. Mwanamume akaanza kusema, mtu mzima, mwenye kukohoa katikati ya maneno. Ni Donatus, Paskalia akanong'ona, sasa ana mashine ya kusaga mawe kule Geita.

"Nani anamkumbuka yule binti wa ng'ombe?" alikuwa akisema Donatus. "Mimi darasa la tatu nilikaa dirishani. Mwalimu anafundisha hesabu, mimi natazama yule anavyopanda kilima. Hana kengele, hana mwalimu, upepo unampepea nguo. Tulikuwa tukinong'onezana, leo kamtangulia dume jekundu, leo kakaa juu ya lile jiwe. Nikawa namwomba Mungu anigeuze niwe yeye, hata kwa siku moja. Mpaka leo nikichoka huku Geita, nafumba macho namwona anapanda."

Sauti ikaisha. Mteja alikuja, akaagiza, hakujibiwa.

"Irudishe," Limi akasema.

Alisikiliza mara tatu. Ya tatu aliinamisha sikio mpaka mezani.

Jioni ile alimwambia mumewe kwamba anataka simu ya kupangusa. Mwigulu, ambaye kwa kawaida si mtu wa maneno, alicheka mpaka akaketi.

"Ya nini, Mama Abel? Utaipangusa ili maziwa yagande?"

"Kuna watu wananisema huko ndani."

"Wanakusema vibaya?"

"Nilidhani hivyo," Limi akajibu. "Sasa nataka nikasikie mwenyewe."

Mwigulu aliacha kucheka. Kesho yake alikwenda naye dukani, akasimama pembeni akijifanya anaangalia tochi wakati mkewe anachagua. Binti yao Ritha, ambaye alikuwa akishona nguo mtaa wa pili, ndiye aliyemwekea kila kitu. Kwa kuwa mama hasomi, alimtia picha ndogo mbele ya majina: Paskalia akawa mwavuli, Donatus nyundo, baba kofia. Akamfundisha kubonyeza alama ya kipaza sauti na kuishikilia wakati wa kuongea.

"Ukiachia, imekwenda," Ritha akasema.

"Imekwenda wapi?"

"Kwao wote, mama. Mara moja."

Limi aliitazama ile alama kama mtu anayetazama kisima asichojua kina chake.

Paskalia alimwingiza kwenye kundi siku ya Jumapili, na siku hiyo hiyo wakaanza kumwuliza, maana ndiyo ilikuwa desturi yao kwa kila mgeni: wewe nini kilikufanya uchukue simu kubwa? Kila mmoja alishajibu kwa zamu yake. Donatus alitaka kujua bei ya dhahabu kabla madalali hawajamdanganya. Paskalia alilazimishwa na mabosi, ripoti zote siku hizi zinakwenda kwa simu. Mwingine alisema mpira, mwingine mjukuu aliyezaliwa ughaibuni. Na mama mmoja aitwaye Asteria, anayeuza vitenge Katoro, alisema, "Kwa ajili ya mama yangu," akaishia hapo.

Limi alingoja mpaka saa nane, ndoo zikiwa juani. Akabonyeza. Alisema maneno yale aliyoyabeba tangu utotoni, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisukuma, akitanguliza salamu ya kwao.

"Mwadila. Mimi ni Limi. Nimenunua simu hii kwa sababu miaka yote nilidhani mlikuwa mnanicheka."

Akaachia. Imekwenda.

 Kisha simu ikaanza kulia, mara moja, mara mbili, kisha bila kupumzika, sauti juu ya sauti. Tulikucheka? Nani alikucheka! Ulikuwa unatuletea matunda ya porini, matonga, umesahau, ulikuwa unayabingirisha chini ya uzio. Mimi niliwahi kutoroka nikufuate, nikachapwa. Mwingine alikuwa akilia waziwazi. Limi aliweka simu mapajani, akafunika uso na kanga, na sauti zikaendelea kutoka pale mapajani kama watoto waliojificha ndani ya nguo zake.

Tangu hapo saa yake ya mchana ikabadilika. Bado alikwenda Songwa, ila sasa hakwenda peke yake. Wenzake walikuwa wakikumbuka madawati na masomo, lakini nchi yenyewe walikuwa wameisahau, wamebaki na vipande. Lile jabali lilikuwa upande gani wa lambo? Tulikuwa tukicheza kombolela wapi? Wapi palikuwa na mti wa furu tamu? Limi alifumba macho akatembea. Aliwatoa shuleni, akawapitisha kwa fundi cherehani, akawashusha kwenye ngitili, yale malisho yaliyofungwa yasiguswe mpaka kiangazi kikali, ambako nyasi zilimfika kifuani na panzi waliruka mbele yake kama maji yanayorushwa. Aliwaambia mahali upepo ulipobadilika harufu. Aliwaambia ng'ombe gani aliogopa daraja. Watu walimsikiliza Geita, Kahama, Mwakitolyo, mmoja akiwa kwenye foleni ya benki, mwingine chooni, walivyokiri wenyewe. Donatus alisema anapomsikia huzima mashine.

 Wiki moja baadaye, mchana, Asteria akatuma sauti.

"Dada Limi, nina swali, na naomba msinicheke. Sisi tulikaa ng'ambo ya lambo, nyumba ya peke yake. Baba alipofariki tukaondoka, nilikuwa na miaka tisa. Je, nyumba yetu ilikuwa na mlango wa bluu?"

Kundi likawaka. Wengi walisema hapana, Songwa ile nani alikuwa na rangi ya mlango? Milango ilikuwa mbao kavu tu, au bati. Mmoja alisema labda aliona mjini akachanganya. Asteria akawajibu kwa upole kwamba kaka zake nao wanasema hivyo hivyo. Ila mama yao, Bi Euphrasia, sasa ni mzee sana, kumbukumbu zimemtoka, hata watoto wake hawatambui vizuri. Tangu mwaka jana kila akiamka huomba jambo moja tu: nipelekeni kwenye mlango wangu wa bluu. Kaka zake walisema anaweweseka. Na Asteria mwenyewe anauona mlango ule akiwa usingizini, lakini hajui kama anauona kwa sababu ulikuwepo au kwa sababu mama anausema.

Limi alisikiliza hadi mwisho. 

Yeye aliujua mlango ule. Aliujua kuliko wote, na alikuwa ameapa kutousema.

Alianza kuongea, akasita, akaachia kwa bahati mbaya, ikabidi aanze upya.

"Ulikuwa wa bluu," alisema. "Baba yako alipata rangi iliyobaki kwenye kopo, akaupaka asubuhi, akauacha wazi ukauke. Mimi nilikuwa nimewaacha ng'ombe ngitilini nikaja kucheza mdako na mabinti kisimani, na baba yangu alikuwa amenikataza. Nilikuwa na ndama mmoja mweupe, mtundu huyo. Nilipomaliza kucheza nikamkuta kwenu, anajikuna ubavu kwenye mlango. Anajikuna kwa raha, macho kayafumba. Nikamvuta. Ubavu wote ukawa bluu."

Akapumua. Bodaboda ilipita, na waliosikiliza walimsikia akingoja ipite.

"Nilimsugua kwa majani, kwa mchanga, ikakataa. Jioni tukafika nyumbani. Baba alipomwona aliweka kiti chini pole pole. Akaita majirani. Ndama mweupe kaondoka asubuhi, karudi na mbingu ubavuni! Wengine wakasema ni baraka, wengine wakasema ni watu wabaya. Bibi akamnyunyizia dawa. Siku nne watu walikuja kumtazama, hakuna aliyefikiria mlango wenu wa huko ng'ambo, na mimi ndiye niliyemshika kamba, nimenyamaza. Kama ningesema, ningechapwa kwa mdako. Baba amekufa akiamini ule ulikuwa muujiza. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kusema."

Kundi zima lilicheka mpaka jioni, kicheko kizuri. Asteria peke yake hakujibu, siku hiyo wala ya pili. Limi akaingiwa na wasiwasi kwamba amemkosea. Siku ya tatu, alama ya kitenge, ile aliyowekewa na Ritha kwa ajili ya Asteria, ikatokea.

Haikuwa sauti ya Asteria. Ilikuwa ya kikongwe, nyembamba, ikisema Kisukuma cha zamani, kile chenye kubembeleza.

"Ng'wana Maige. Kumbe ni ndama wako! Mlango ulikuwa umechubuka, umejaa manyoya meupe. Nikadhani watoto wamemsugulia paka hapo. Nilimchapa binti yangu Asteria kwa ule mlango, na hakuwa na kosa. Sasa yuko wapi nimwombe radhi? Ukimwona mwambie mama yake amekosa."

Baada ya hapo ndipo Asteria mwenyewe akaongea, kwa shida.

"Nilimsikilizisha sauti yako, dada, nimekaa naye kitanda kimoja. Nimemshika mkono. Nikamwambia, sawa mama, nitamfikishia." Akaongeza, "Kupigwa kwenyewe nilishasahau. Lakini radhi yake imenifikia."

Limi alibaki amekaa mpaka jua likahama kutoka kwenye ndoo zake.

Donatus ndiye aliyesema twendeni. Wakapanga Jumamosi moja ya Desemba, yeye na gari lake akitokea Geita, akampakia Asteria pale Katoro, akawachukua Paskalia na Limi Kahama, wakaenda wanne. Njiani waliongea wote kwa pamoja hadi walipoliona lile lima la kifusi cha mgodi likiwa jeupe kwa mbali, ndipo Donatus akapunguza mwendo kama anayekaribia kanisa.

Songwa ilikuwa imebadilika kama kila mahali. Shule ina majengo mapya, lambo limejaa tope, na njia za zamani zimelimwa. Wasomi watatu walisimama barabarani wakigeuka huku na huku. Limi alivua viatu. Hakutafuta mti wala nyumba, alitafuta mteremko, alitafuta maji yanapopenda kupita, maana maji hayahami. Akatangulia, nao wakamfuata mmoja nyuma ya mwingine kwenye udongo mweusi uliolowa, Donatus mwenye kitambi akihema, akisema, "Sasa ndiyo nakufuata kweli," na Limi akatembea bila kugeuka, kwa sababu alikuwa akitabasamu na hakutaka waone.

Akasimama katikati ya shamba la mtama, miche ikiwa bado kimo cha kidole.

"Hapa," akasema. "Mlango ulitazama huku."

Hapakuwa na kitu. Hata tofali. Asteria alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye udongo, akakaa hivyo muda mrefu. Paskalia akatazama kando. Kisha Asteria akainuka, akampigia simu ya video mdogo wake aliyekuwa na mama Katoro, na uso wa Bi Euphrasia ukatokea, mdogo, umefunikwa kitambaa cheupe, ukiwa karibu mno na kioo.

Walikuwa wamejiandaa kwa machozi. Asteria alizungusha simu polepole amwoneshe mahali. Kikongwe alitazama shamba, akatazama mawingu, akakunja uso.

"Mvua imenyesha huko?"

Asteria akamgeukia Limi. Limi akaipokea simu.

"Shikamoo, mayu, mama yangu. Imenyesha. Tangu juzi."

"Marahaba. Imeingia kiasi gani?"

Limi akachomeka kidole ardhini mpaka fundo la pili, akakiinua kilivyo na tope mbele ya kioo. Bi Euphrasia akakikagua.

"Inatosha mtama," akasema. "Pamba bado. Waambie wasikimbilie pamba."

"Nitawaambia."

"Na hiyo miche imebanana. Nani kapanda hivyo?"

Wakaendelea kwa Kisukuma, mtama, funza, kunguru, bei ya jembe ya enzi zile, Limi akizunguka shambani akimwonesha mche mmoja mmoja, wale watatu wakiwa wamesimama pembeni kama watoto waliokuja na wakubwa. Mlango haukutajwa. Bando lilipoisha, Bi Euphrasia alikuwa katikati ya kueleza namna ya kupunguza miche, na Asteria alikuwa akicheka huku kamasi zikimtoka, akijifuta kwa kitenge chake kipya.

Tangu mvua zile, kila siku saa nane mchana simu hulia nyuma ya kijiwe cha bodaboda pale Segese. Asteria anasema mama haombi tena kupelekwa popote. Anauliza tu kama saa ya yule wa ng'ombe imefika. Siku nyingine anamjua Limi, siku nyingine anamwita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa, na Limi huitika kwa jina lolote atakalopewa. Mwigulu, akipita na sururu begani, husikia mkewe akisema na kikongwe wa mbali habari za mawingu. Huvuta kigoda cha pili, hukaa, na husikiliza naye.